Uzi: Nani hasa anayepanga mshahara wa mbunge wa Kenya, na idhini ya mwisho iko mikononi mwa nani?

#1 — Mkaguzi Mstaafu, Nakuru

Salamu kwenu nyote. Nimekisoma tena Kifungu cha 230 cha Katiba ya 2010, na kwa maandishi jambo lenyewe linaonekana limekwisha. Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo wengi wetu huiita SRC, ndiyo inayopanga na kupitia mara kwa mara malipo ya maafisa wote wakuu wa serikali, wakiwemo Rais, magavana, wabunge, majaji na wawakilishi wadi, ilhali kwa watumishi wengine wa umma kazi yake ni kuzishauri serikali ya kitaifa na zile za kaunti. Sijaona mahali popote Katiba inapowaruhusu wabunge kupigia kura kiwango chao wenyewe. Hata hivyo, tangu 2013 hakuna Bunge ambalo halijavutana na Tume hiyo kuhusu pesa.

Dai langu ni hili: Tume hupanga tarakimu moja tu, ile ya mshahara, na sehemu kubwa ya pesa zinazomfikia mbunge huamuliwa kwingine. Naomba mnipinge kwa vifungu na kwa mifano. Matusi kwa mbunge wa eneo lako yana nyuzi zake.

#2 — Mlipakodi wa Githurai

Asante kwa uzi. Mimi sioni fumbo lolote hapa. Bajeti yote ya nchi hupitia Bungeni, kwa hiyo wabunge ndio wanaoidhinisha mishahara yao, hata kama kuna tume ya kuipamba shughuli. Mwamba ngoma huvutia kwake.

#3 — Wakili wa Pwani

Ndugu wa #2, umechanganya mambo mawili ambayo Katiba imeyatenganisha kwa makusudi. Jambo la kwanza ni kiwango, yaani mtu wa cheo fulani alipwe kiasi gani, na hicho hupangwa na Tume na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali bila kupigiwa kura Bungeni. Jambo la pili ni kutenga fedha za kukilipa kiwango hicho, na hapo ndipo Bunge huingia wakati wa makadirio ya matumizi. Kwa Rais na Naibu wake hata hatua hiyo ya pili imefupishwa, kwa kuwa Kifungu cha 151 kinaagiza walipwe moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali, na majaji vilevile chini ya Kifungu cha 160.

Tofauti hiyo ilijaribiwa mapema. Kabla tu ya uchaguzi wa 4 Machi 2013, Tume ikiongozwa na Sarah Serem ilitangaza kwamba mbunge atalipwa shilingi 532,500 kwa mwezi, kutoka takriban 851,000 za Bunge lililotangulia. Mwezi Mei Bunge la Kitaifa likapitisha hoja ya kuyabatilisha matangazo hayo ya Gazeti Rasmi. Suala likafika Mahakama Kuu, na Mahakama ikasema kwamba Bunge halina mamlaka ya kuyabatilisha. Kwa hiyo kura ilipigwa kweli, lakini haikuwa na nguvu ya kisheria.

#4 — Shangazi wa Bungoma

Vijana wengi humu hawakumbuki hali ilivyokuwa kabla ya 2010, kwa hiyo nitaieleza kidogo. Malipo ya wabunge yalikuwa chini ya sheria yao wenyewe, Sura ya 5 ya Sheria za Kenya, na waliokuwa na uwezo wa kuirekebisha sheria hiyo ni wabunge hao hao. Bunge la tisa lilipoingia 2003, baada ya sote kuimba na kulia kwa furaha kwamba utawala wa zamani umeondoka, mojawapo ya mambo ya mwanzo lililoyafanya lilikuwa kujiongezea mshahara na kujipa ruzuku ya kununulia magari, shilingi milioni 3.3 kwa kila mbunge. Sehemu kubwa ya mapato yao ilikuwa marupurupu yasiyotozwa kodi. Jopo lililoongozwa na Jaji Akiwumi lilipendekeza kwamba walipe kodi, likapendekeza pia malipo yaongezwe, na wabunge wakalipenda pendekezo la pili kuliko la kwanza.

Katiba mpya ikaliziba tundu hilo katika Kifungu cha 210, kinachosema kwamba hakuna sheria inayoweza kumwondolea afisa wa serikali wajibu wa kulipa kodi kwa sababu ya cheo chake. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2012, Bunge la kumi lilipokuwa linakaribia kuondoka, wabunge walijipangia malipo ya kuagwa ya takriban shilingi milioni 9.3 kila mmoja, na Rais Kibaki akakataa kutia saini. Kwa hiyo, Mkaguzi, anayetaka kuielewa SRC aanzie hapo. Tume hiyo haikuundwa kwa sababu ya nadharia za wasomi. Iliundwa kwa sababu tulichoka.

#5 — Kijana wa Kayole

Shangazi amesahau kuwataja nguruwe. Mei 2013 wanaharakati waliwapeleka nguruwe kwenye lango la Bunge na kumwaga damu barabarani, na picha zake zikazunguka dunia. Mimi nilikuwa shule ya msingi, na hilo ndilo somo langu la kwanza la uraia ambalo sikulisahau kufikia mtihani.

Swali langu kwa Wakili: ikiwa Mahakama ilisema Bunge halina uwezo, mbona wabunge hawakuondoka mikono mitupu?

#6 — Wakili wa Pwani

Hawakuondoka mikono mitupu kwa sababu mapatano yalifanyika kabla Mahakama haijatoa uamuzi. Mnamo Juni 2013 ilikubaliwa kwamba mshahara ubaki 532,500, na kando yake kila mbunge apewe ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5. Ukizigawa milioni hizo kwa miezi sitini ya muhula, utapata zaidi ya 83,000 kwa mwezi. Hapo Mkaguzi wa #1 ana hoja, ingawa mimi nisingeiweka kwa ukali aliouweka.

#7 — Karani wa Kamati

Habari za leo. Nilifanya kazi ya ukarani katika bunge moja la kaunti, ambalo sitalitaja kwa sababu baadhi ya wahusika bado wako ofisini, na ninaweza kueleza tarakimu ya mshahara inavyogeuka ikifika mezani.

Wawakilishi wadi wa kwanza, wale wa 2013, walipangiwa 79,200, wakagoma, na baadaye wakapandishwa. Lakini mazungumzo niliyokuwa nikiyasikia kila siku hayakuhusu mshahara, yalihusu vikao. Marupurupu ya kikao cha kamati hulipwa kwa kila kikao, kwa hiyo aliye na uwezo wa kuitisha kikao ana uwezo wa kuongeza malipo, na uwezo huo ni wa mwenyekiti wa kamati. Kamati moja ingekutana asubuhi kupokea barua, ikaahirisha, kisha ikakutana alasiri kuijadili barua ile ile. Ripoti ambayo ingeandikwa ofisini kwa siku moja iliandikwa hotelini Naivasha au Mombasa kwa juma zima, kila mwanachama akilipwa fedha za kulala nje. Niliwahi kuuliza kwa nini ripoti ya kurasa kumi na mbili ihitaji safari, nikaambiwa nihakikishe tu kwamba daftari la mahudhurio limetiwa saini.

Yote hayo yalikuwa ndani ya viwango vya Tume. Tume ilipanga bei ya kikao kimoja na bei ya usiku mmoja. Idadi ya vikao na ya usiku iliamuliwa na wenye kulipwa.

#8 — Mlipakodi wa Githurai

Basi nilichosema katika #2 hakiko mbali na ukweli. Karani amekithibitisha.

#9 — Wakili wa Pwani

Karani amethibitisha jambo lingine kabisa, ndugu yangu. Wewe ulisema Bunge linaidhinisha kiwango, yeye anasema wajumbe wanaongeza idadi. Dawa ya tatizo lako ni kubadili Katiba, na dawa ya tatizo lake ni mkaguzi mwenye meno na kikomo cha vikao.

Niongeze kesi ambayo kwangu ndiyo kiini cha uzi huu. Katika 2019 Tume ya Huduma za Bunge, ambayo ni chombo cha Bunge lenyewe, iliwapa wabunge marupurupu ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, na kuyahesabu kuanzia Oktoba 2018. Hoja yao ilikuwa kwamba Kifungu cha 127 kinaipa tume hiyo kazi ya kuwapatia wabunge huduma na nyenzo za kufanyia kazi, na kwamba makazi jijini ni nyenzo na wala si malipo. SRC ikaenda mahakamani. Mnamo Desemba 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba hayo ni malipo kwa jina lolote utakaloyapa, kwamba mwenye kuyapanga ni SRC peke yake, na kwamba fedha zilizokwisha kulipwa, zaidi ya shilingi bilioni 2.7, zikatwe kutoka malipo ya wabunge ndani ya mwaka mmoja.

Zingatieni mpaka uliowekwa hapo. Ofisi, wasaidizi na mashine za uchapishaji vinaweza kutolewa na Tume ya Huduma za Bunge, lakini kinachoingia katika akaunti ya mbunge binafsi kinapitia SRC. Tatizo ni kwamba kati ya hivyo viwili kuna eneo pana, na kila muhula mtu hulima kipande kingine.

#10 — Msema Hesabu, Eldoret

Niruhusuni nipange tarakimu, kwa sababu tunabishana bila kuziweka mezani. Mbunge alipangiwa 532,500 katika 2013, kisha 621,250 katika tangazo la Julai 2017, kisha 710,000 katika 2022, pamoja na uamuzi wa Tume wa kufuta marupurupu ya vikao vya Bunge zima, ambayo yalikuwa shilingi 5,000 kwa kikao. Agosti 2023 Tume ikatangaza nyongeza ya hatua mbili, 725,502 na baadaye 739,600 kuanzia Julai 2024. Rais alishuka kutoka 1,650,000 hadi 1,443,750 katika 2017, na tangazo la 2023 lingemrudisha palepale 1,650,000 katika hatua ya pili.

Mimi nina maelezo tofauti na ya Mkaguzi. Tatizo liko kwenye kalenda. Tume hufanya mapitio kwa mizunguko ya miaka minne, Bunge hudumu miaka mitano, na matangazo makubwa hutolewa wiki chache kabla ya uchaguzi. Mbunge anayeondoka hana nguvu ya kupinga na yule anayeingia hajaapishwa. Anapoapishwa anakuta amepunguziwa jambo ambalo hakuulizwa, na muhula unaanza kwa ugomvi. Wangetangaza katikati ya muhula, baada ya vikao vya wazi, kelele zingepungua nusu.

#11 — Wakili wa Pwani

Kalenda hiyo ina sababu ya kisheria, Msema Hesabu. Kifungu cha 151 kinakataza kuyabadili malipo ya Rais na Naibu wake kwa namna ya kuwadhuru wakiwa ofisini. Ukitaka kuyapunguza, dirisha lako ni kabla ya muhula mpya kuanza, na ndiyo maana punguzo la Rais la 2017 lilitangazwa Julai, mwezi mmoja kabla ya kura. Kwa kutoa tangazo moja la vyeo vyote, wabunge nao wakaingizwa katika dirisha hilo hilo.

#12 — Kijana wa Kayole

Lakini si Rais Uhuru na Naibu wake walijikata asilimia 20 mnamo Machi 2014, na asilimia 80 wakati wa korona mnamo 2020? Mbona Katiba haikuwazuia?

#13 — Wakili wa Pwani

Katiba inamkataza mwingine kukupunguzia. Wewe mwenyewe kurudisha fedha zako kwa hiari hakujakatazwa, na hiari hiyo haikibadili kiwango kilichotangazwa. Siku utakapochoka na ukarimu wako, kiwango kinakusubiri palepale.

#14 — Mwalimu wa Kakamega

Nawasalimu. Nimewasoma kwa subira, na sasa nataka kuwakumbusha upande ambao wanasiasa hawaujui. Mnamo Juni 2015 Mahakama ya Masuala ya Ajira ilitupa sisi walimu nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Serikali ikasema haina pesa, tukagoma Septemba yote na siku kadhaa za Oktoba, na Novemba Mahakama ya Rufaa ikaufuta uamuzi ule. Mojawapo ya hoja zilizotuangusha ilikuwa kwamba SRC haikushirikishwa ipasavyo.

Sasa tazameni. Mwalimu si afisa mkuu wa serikali, na kwake Tume ni mshauri tu, kama alivyosema mwenye uzi. Lakini ushauri huo ulimfunga mwalimu kama kamba ya katani. Kwa mbunge, ambaye Tume ndiyo inayompangia kwa amri, amri hiyo hujadiliwa, huzungushwa na hufidiwa kwa gari. Nakubali kwamba sheria imeandikwa vizuri. Ninachouliza ni kwa nini mshauri wangu ana nguvu kuliko mtawala wao.

#15 — Msema Hesabu, Eldoret

Mwalimu, sababu mojawapo ni idadi. Wabunge wa mabunge yote mawili, ukiwahesabu wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, ni 349 na 67, jumla 416. Walimu ni mamia ya maelfu. Asilimia moja kwenu huitikisa Hazina ya Taifa, ilhali asilimia kumi kwao haionekani katika bajeti. Kifungu cha 230 kinaiagiza Tume ihakikishe kwamba jumla ya malipo ya umma inaweza kuhimiliwa, na kwa kigezo hicho mwalimu atabanwa daima kabla ya mbunge.

#16 — Mwalimu wa Kakamega

Kifungu hicho hicho kinataja pia uwazi na haki, na kutambua tija. Umekisoma mstari mmoja ukaruka mingine, kama mwanafunzi anayetafuta jibu katika ufahamu.

#17 — Mtumishi wa Morogoro

Habari za huko, majirani. Nimevutiwa sana na mjadala huu kwa sababu kwetu Tanzania mgawanyo huo haupo. Ibara ya 73 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na Ibara ya 43 inaacha malipo ya Rais yaamuliwe na Bunge, kwa sharti kwamba hayatapunguzwa akiwa madarakani. Hakuna tume huru ya kutangaza kiwango katika gazeti la serikali ili mwananchi akisome na akilaumu.

Matokeo yake ni kwamba tarakimu hutufikia kwa fununu au kwa kauli ya mtu. Mshahara wa Rais Magufuli tuliusikia kutoka kinywani mwake mwenyewe mwaka 2017, aliposema kuwa ni shilingi milioni 9 kwa mwezi. Mwishoni mwa 2011 tulisikia kwamba posho ya kikao Bungeni imepanda kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Spika wa wakati huo, Anne Makinda, akaitetea kwa kutaja ugumu wa maisha ya Dodoma, na swali lililotawala baada ya hapo lilikuwa kama Rais ameiridhia au hajairidhia. Miezi michache kabla ya hapo Zitto Kabwe alikuwa ametangaza kwamba hatapokea posho ya kukaa, kwa hoja kwamba kukaa Bungeni ndiyo kazi anayolipwa mshahara kuifanya. Katika Bunge Maalumu la Katiba la 2014 mjumbe alilipwa 300,000 kwa siku, na bado wapo walioona hazitoshi.

Ninyi mnalalamika kwamba Tume yenu hupanga tarakimu moja tu. Sisi hata hiyo moja tungeipokea kwa mikono miwili.

#18 — Mlipakodi wa Githurai

Karibu sana, ndugu wa Morogoro. Ukipewa hiyo tarakimu moja, utagundua haraka kwamba ulikuwa na utulivu wa moyo ulipokuwa huijui.

#19 — Mkaazi wa Tacoma

Nawaletea mfano kutoka ninakoishi, jimbo la Washington, Marekani. Tangu marekebisho ya katiba ya jimbo ya 1986, mishahara ya gavana, wabunge wa jimbo, majaji na maafisa wengine wa jimbo wanaochaguliwa hupangwa na tume ya raia. Sehemu ya wajumbe wake huteuliwa kutokana na taaluma zao, na waliobaki huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura, mmoja kwa kila eneo la uwakilishi katika Bunge la Marekani. Wanaweza kuwa fundi bomba, muuguzi au mkulima wa matufaha. Hufanya mikutano ya hadhara, na ratiba wanayoipitisha huwa sheria bila kura ya wabunge wala saini ya gavana. Wenye uwezo wa kuipinga ni wananchi, kwa kukusanya saini za kuitisha kura ya maoni.

Si majimbo yote yako hivyo. New Hampshire humlipa mbunge wake dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili, kiwango kilichoandikwa katika katiba yao tangu 1889, na kwa sababu hiyo wengi wanaoweza kuifanya kazi hiyo ni wastaafu na wenye mali. Malipo madogo nayo huchuja watu.

#20 — Kijana wa Kayole

Fundi bomba wa Kayole akichaguliwa kwa bahati nasibu kupanga mshahara wa mbunge, kufikia Ijumaa atakuwa na gari jipya. Lakini nimelipenda wazo. Linanileta kwenye swali ambalo hakuna aliyeligusa: mishahara ya makamishna wa SRC hupangwa na nani?

#21 — Wakili wa Pwani

Nilijua litafika. Makamishna wa tume za kikatiba wamo katika orodha ya maafisa wakuu wa serikali chini ya Kifungu cha 260, na anayepanga malipo ya maafisa hao ni SRC. Kwa hiyo ngoma ya ndugu wa #2 inavutwa upande huo pia.

Tazameni na namna wanavyoingia ofisini. Mwenyekiti huteuliwa na Rais baada ya kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Miongoni mwa wajumbe, mmoja hupendekezwa na Tume ya Huduma za Bunge na mwingine na Seneti kwa niaba ya kaunti. Wamo wa vyama vya wafanyakazi, waajiri, walimu, polisi, majeshi na mahakama. Wawakilishi wa Waziri wa Fedha na wa Mwanasheria Mkuu huketi mezani bila kura, na hilo lilifanywa kusudi serikali isiitawale Tume. Muhula wao ni miaka sita na hauongezwi. Kwa hiyo mwenye kupangiwa ana sauti katika kumweka mwenye kupanga, na bajeti ya Tume hupitishwa na watu wale wale inaowakata. Katika 2013 kulikuwa na vitisho vya wazi vya kuivunja, na ukatolewa hata mswada wa kuwaondoa wabunge katika orodha ya Kifungu cha 260 ili wasiwe chini ya Tume kabisa.

#22 — Niliyegombea 2022

Niliwania uwakilishi wadi katika uchaguzi uliopita na sikufaulu, kwa hiyo sina cha kutetea mfukoni mwangu. Nawaomba mfikirie chanzo ambacho hakuna aliyekitaja. Tangu siku niliyotangaza nia, mlango wangu haukufungwa. Karo, bili ya hospitali, jeneza, mabati ya kanisa, jezi za timu, na harambee mbili kila Jumamosi. Waliokuja kwangu ni watu wema, na walikuja kwa sababu mgombea wa kabla yangu aliwazoesha hivyo. Mbunge anapodai nyumba, gari na kikao cha pili, sehemu ya fedha hizo inarudi kijijini kwa bahasha. Tume inapanga mshahara wa mtunga sheria, lakini mwenye kazi hiyo hufanywa hazina ndogo ya wadi. Punguzeni tarakimu mtakavyo, mahitaji hayo yatatafuta njia.

#23 — Shangazi wa Bungoma

Mwanangu wa #22, pole kwa kushindwa, na uliyosema kuhusu harambee ni kweli tupu, mimi mwenyewe nimebeba bahasha hizo. Lakini usitutwike sisi mzigo wote. Walipojipa magari katika 2003 hakuna mjane wa Bungoma aliyewaomba. Tena anayegawa bahasha hununua kura ya kesho, na mtaji wa biashara yake hautakiwi kutoka katika kodi yangu.

#24 — Karani wa Kamati

Ninaongezea upande wa Shangazi. Waliokuwa wakali zaidi kudai vikao, kwa niliyoyaona, hawakuwa wale waliofuatwa na wananchi. Walikuwa wale waliokuwa na mikopo ya kampeni inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, ambao mwisho wa mwezi walibaki na kiasi kidogo mno. Kwao marupurupu ndiyo yaliyokuwa mshahara.

#25 — Mlipakodi wa Githurai

Mnazungumza kana kwamba sheria na mahakama ndizo zinazoamua. Mwaka 2024 ulituonyesha mwamuzi mwingine. Nyongeza ya Julai ilikuwa imekwisha tangazwa tangu Agosti 2023, na hakuna kesi wala kifungu kilichoizuia. Vijana walijaa barabarani Juni kwa sababu ya Mswada wa Fedha, mswada ukaondolewa, na mapema Julai Rais akaagiza tangazo lile la mishahara liangaliwe upya, kisha Tume ikasitisha nyongeza. Idhini ya mwisho ilitoka barabarani.

#26 — Msema Hesabu, Eldoret

Barabara iliharakisha, nakubali, lakini sababu iliyotolewa na Tume chini ya Lyn Mengich ilikuwa kwamba fedha hazipo, na fedha hazikuwepo kwa sababu mswada ulioondolewa ndio uliokuwa uzilete. Hata kabla ya hapo, katika 2021, Tume ilikuwa imesimamisha mapitio ya mishahara ya umma kwa miaka miwili ya fedha kwa sababu ya hali ya uchumi, na hakuna aliyeandamana. Ukitazama hivyo, mwenye idhini ni Hazina ya Taifa, ambayo mwakilishi wake hana hata kura katika Tume.

#27 — Mkaguzi Mstaafu, Nakuru

Asanteni kwa michango mizito. Bado ninashikilia dai langu, na kesi ya nyumba iliyoletwa na Wakili katika #9 imeliongezea nguvu: fedha zililipwa kwanza, na mahakama ikaja baadaye, zaidi ya mwaka mmoja tangu zianze kutoka. Katika kazi yangu ya ukaguzi nilijifunza kwamba fedha iliyokwisha ingia mfukoni mwa mtu ni ngumu kuirudisha kuliko ile ambayo hati yake haijatiwa saini. Kwa hiyo ninauliza tena kwa namna nyingine: ni nani anayepaswa kuwa na uwezo wa kuzuia hati ya malipo isiyo na tangazo la SRC kabla haijalipwa? Msimamizi wa Bajeti, au Karani wa Bunge ambaye mwajiri wake ni ile ile Tume ya Huduma za Bunge?

#28 — Niliyegombea 2022

Na Kifungu cha 116 je? Nilidhani kinasema kwamba sheria yoyote inayowapa wabunge faida ya moja kwa moja ya kifedha haianzi kutumika hadi baada ya uchaguzi mkuu unaofuata. Hicho peke yake kingetosha kuzuia.

#29 — Wakili wa Pwani

Kingetosha ikiwa wangepitisha sheria. Kifungu cha 116 kinazungumzia sheria ya Bunge peke yake. Tangazo la SRC katika Gazeti Rasmi si sheria ya Bunge, na uamuzi wa Tume ya Huduma za Bunge uliowapa nyumba katika 2019 haukuwa sheria ya Bunge pia, kwa hiyo vyote viwili vilipita kando yake. Kuhusu swali la #27, ningeanza na Msimamizi wa Bajeti, kwa kuwa Kifungu cha 228 kinamtaka aridhike kwamba utoaji wa fedha umeidhinishwa na sheria kabla ya kuuruhusu.

#30 — Karani wa Kamati

Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha zikitoka kwa mafungu makubwa kwenda bungeni. Orodha ya nani amelipwa vikao vingapi huandikwa baada ya hapo, na ofisi yake haiioni.

#31 — Wakili wa Pwani

Hapo ndipo anapoingia Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ingawa naye huja mwaka wa fedha ukiwa umekwisha.

#32 — Mwalimu wa Kakamega

Na ripoti yake hujadiliwa na kamati ya Bunge, katika kikao cha kamati.